Kupiga picha Nebula ya Carina ukiwa huku kwetu: lenzi ya kamera, darubini ndogo, darubini kubwa ya kioo au darubini janja?

Wadau wa anga, kila ikikaribia mwezi wa tano swali linarudi lile lile, mtu kaweka hela kidogo pembeni, anataka kupiga picha ile nebula kubwa ya kusini, Carina (nebula ni wingu la gesi na vumbi huko angani), anauliza achukue kifaa gani, na ukimsikiliza vizuri unakuta kichwani ameshachagua, anataka lile bomba la inchi 8, yaani darubini ya kioo yenye upana huo, maana kubwa ndo linaona mbali. Mi nimepiga hii nebula kwa njia nne tofauti, zingine kwa vifaa vyangu na zingine kwa vya watu, na msimamo wangu nauweka mapema kabisa ili usome ukijua: kwa nebula hii ukubwa wa darubini ni jambo la tatu. La kwanza ni kipande cha anga kinachoingia kwenye picha, la pili ni kitu kinachobeba darubini na kuizungusha, na hilo la pili huku karibu na ikweta lina mambo yake ambayo maelezo mengi ya vifaa hayagusi kabisa kwa sababu yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani.

Tuanze na nebula yenyewe. Carina, kwenye orodha inaitwa NGC 3372, iko zaidi ya miaka ya nuru 7,500 kutoka hapa na bado angani inachukua upana wa digrii 2 hivi, yaani panga miezi mipevu minne kwenye mstari mmoja ndo uipate. Ni kubwa na inang'aa, ukiwa mahali penye giza unaiona kwa macho tu kama kipande cha mwanga kwenye njia ya maziwa, upande wa kulia wa Msalaba wa Kusini msalaba ukiwa umesimama. Mfaransa Lacaille aliiandika mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Na jina lake watu wa pwani watalipenda, carina ni Kilatini cha mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, maana watu wa kale walichora hapo merikebu moja kubwa ya Argo afu Lacaille huyo huyo akaja kuigawa mafungu: mkuku, tezi na tanga. Suheli, nyota ambayo manahodha wanaijua miaka yote, iko kwenye huo huo mkuku. Ndani ya nebula kuna nyota Eta Carinae ambayo mwaka 1843 ilivimba mwanga mpaka ikawa ya pili kwa kung'aa angani kote usiku, ikaachwa na Sirius tu. Kwa hiyo unapopiga hapo unapiga sehemu yenye historia, sio wingu la rangi tu.

Sasa mahali. Mi napigia nje ya Dodoma, barabara ya kwenda Bahi, tambarare, upande wa kusini uko wazi hadi chini na taa za mji zinabaki mashariki. Dodoma iko digrii 6 kusini ya ikweta, na hapo Carina ikifika juu kabisa inakuwa digrii 36 tu kutoka upeo wa macho. Haipandi zaidi ya hapo. Mtwara na Songea inafika 40, Nairobi 31 hivi. Mwanzoni mwa mwezi wa tano inafika kileleni kama saa mbili na nusu usiku, na kwetu mwezi wa tano mvua zimeshakata, kwa hiyo unapata kuanzia giza likiingia hadi karibu saa sita usiku kabla haijashuka sana. Mwezi wa sita inakuwa imeshaanza kushuka giza linapoingia, una masaa mawili matatu tu. Wa Dar, Tanga na Mombasa wana shida hapa maana Mei bado masika hayajaisha vizuri, wao wajaribu Januari na Februari usiku wa manane kuelekea alfajiri.

Hayo masaa ndo bajeti yako halisi. Usiku mmoja mzuri ni masaa matatu na nusu hadi manne, na kifaa kinachokula saa nzima ya kufunga na kupanga kinakula robo ya usiku wako.

Haya, hesabu ndogo kabla hatujalinganisha, itakusaidia kwa nebula yoyote. Chukua upana wa senza ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kwa milimita, zidisha kwa 57.3, gawa kwa urefu wa fokasi wa lenzi au darubini, ile namba ya milimita inayotajwa kwenye lenzi kama 50 au 135. Jibu ni digrii. Kamera yangu ni Canon 600D ya zamani, senza yake ina milimita 22.3 kwa 14.9. Kwa lenzi ya 135 inanipa digrii 9.5 kwa 6.3. Kwa darubini ndogo ya 250 inanipa 5.1 kwa 3.4. Kwa darubini ya kioo ya inchi 8 ambayo fokasi yake ni 1000 inanipa 1.28 kwa 0.85. Na nebula ni digrii 2. Umeona? Lile bomba ambalo kila mtu analitaka halitoshi hata kuingiza nebula nzima, unapata kipande cha katikati.

Nianze na lenzi ya kamera kwa sababu watu wanaidharau. Kama una DSLR tayari, kamera ya kubadilisha lenzi, na lenzi ya 50 na stendi ya kawaida, huna haja ya kununua kitu kujua kama hii kazi unaipenda. Nyota zilizo karibu na ncha ya anga, ile nukta ambayo anga lote linaonekana kuizunguka, zinasogea polepole kuliko za juu ya kichwa, na Carina iko karibu digrii 60 kusini kwa hiyo inasogea nusu ya mwendo wa nyota za ikweta, maana yake kwa lenzi ya 50 unaweza kuacha shata wazi sekunde 5 bila traka, kile kifaa kinachozungusha kamera kufuata nyota, na nyota zikavutika pikseli mbili tu. Piga picha 300 za sekunde 5, hiyo ni dakika 25 za mwanga, zirundike ziwe picha moja kwenye Siril, programu ya bure, na utaona wekundu wa nebula unatoka kwenye kamera ambayo jana ulikuwa unapigia harusi. Mara ya kwanza kuona hilo kwenye skrini ya laptop nilinyamaza kabisa. Ni doa dogo lakini ni lako, na lile umbo la mabawa na ule mstari mweusi unaokata katikati unavyo.

Ukitoka hapo, lenzi ya 135 yenye f/2 kama ile ya Samyang ambayo watu wa anga wameipenda miaka mingi, juu ya traka ndogo, ndo njia rahisi kuliko zote ya kupata picha ya maana. Mi naibana hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zitulie. Ukubwa wa fremu unakupa nebula pamoja na majirani zake, lile kundi la nyota IC 2602 ambalo Wazungu wanaliita Kilimia cha Kusini, na NGC 3532 pembeni, na ukilenga vizuri upande mmoja unaingiza hadi wingu jekundu la Lambda Centauri. Kwa picha ya mandhari ya anga hakuna kinachoishinda. Inachoshindwa ni undani: kila pikseli kwa 135 inabeba sekunde za tao 6.6 (digrii moja ina sekunde za tao 3,600), kwa hiyo zile nguzo ndogo za vumbi na lile shimo la ufunguo la katikati, sehemu nyeusi yenye umbo la tundu la ufunguo, vinakuwa vidoa. Kama ndoto yako ni kuona shimo la ufunguo kwa karibu, lenzi hii haitakupa, ujue kabisa.

Sasa darubini ndogo ya lenzi, milimita 50 hadi 72 kwa upenyo, fokasi 250 hadi 420. RedCat 51 ni moja ya zinazojulikana, fokasi 250 na f/4.9, na ziko nyingine nyingi za 60 na 72. Hapa mi ndo nimetulia. Kwa 250 nebula inajaa katikati ya fremu ikiwa imezungukwa na nafasi ya kutosha, kwa 420 inajaa fremu kabisa, digrii 3 kwa 2, na lazima uilenge vizuri ili usikate bawa moja. Pikseli moja kwa 250 ni sekunde za tao 3.5, na kwa nebula inayokaa digrii 36 juu ya upeo, hewa inayotetemeka haikuachii undani mwingi zaidi ya huo kwa usiku wa kawaida, kwa hiyo hupotezi sana kama unavyodhani. Ukiangalia nebula iliyo chini vile mwanga wake unapita kwenye hewa nene mara 1.7 ya ile ya juu ya kichwa.

Faida nyingine ambayo hamna anayeisema dukani ni kwamba darubini ndogo ya lenzi haina cha kupanga. Unaitoa kwenye begi, unaweka kamera, unatafuta fokasi, yaani nyota zitoke kali, basi. Kwa fokasi natumia kinyago cha Bahtinov, kifuniko chenye mistari iliyokatwa, nilikikata mwenyewe kwenye boksi gumu kwa wembe, unakiweka mdomoni mwa darubini ukielekea nyota inayong'aa, mi hutumia ile ya chini kabisa ya Msalaba, afu kwenye skrini ya kamera unakuza mara 10 unaona miale mitatu, miwili imekatana kama X na mmoja unapita katikati. Unazungusha pete ya fokasi kidogo sana, kama unafungua redio ya zamani kutafuta stesheni, ule mwale wa katikati unasogea, unasogea, ukifika kati kati kabisa unaacha mkono na huupumulii. Kitu hicho kikikosewa hamna programu duniani ya kukirekebisha. Na rudia baada ya saa moja maana Dodoma usiku wa Mei baridi inashuka na fokasi inahama.

Darubini kubwa ya kioo. Nataka niseme haki yake kwanza. Inchi 8 yenye fokasi 1000, ukiiweka kwenye moyo wa Carina usiku uliotulia, inakuonyesha vitu ambavyo hizo ndogo hazitawahi kukuonyesha, shimo la ufunguo na kingo zake zinazong'aa, vile viwingu vidogo vyeusi vimesimama peke yake kama mawe, na Eta Carinae yenyewe inatoka ya machungwa, nyingine zote zinazoizunguka ni za buluu na nyeupe. Mtu anayetaka hivyo asidanganywe na mtu, anunue kioo. Ila anunue akijua bei yote.

Bei ya kwanza ni mosaiki, yaani picha moja inayoungwa kwa vipande. Ili upate nebula nzima ya digrii 2 kwa kipande cha 1.28 kwa 0.85 unahitaji vipande 6 vinavyopandana kidogo. Usiku wako una masaa matatu na nusu, kila kipande kinapata dakika 35. Mwenye darubini ndogo pembeni yako amepiga masaa yote matatu na nusu kwa picha moja, na chenga kwenye picha zinapungua kwa kipeuo cha pili cha muda, yaani muda mara nne ndo chenga nusu. Yeye ana mara sita ya muda wako kwa kila sehemu ya nebula. Labda uje usiku sita, na usiku sita wa mwezi kiza wenye anga safi ni msimu mzima kwa mtu mwenye kazi na familia.

Bei ya pili ni upepo. Dodoma kuanzia Mei upepo hauombi ruhusa, na lile bomba ni tanga. Mwaka mmoja tulikuwa watatu na inchi 8 ya rafiki, tukaifunga vizuri kabisa, tukapanga vioo, tukapata fokasi, tukaanza dakika mbili mbili. Kati ya picha 60 tulizopiga tulibaki na 17 zinazofaa, zingine zote nyota zilikuwa zimechora kama koma, na unasikia kabisa bomba linavyovuma upepo ukipita mdomoni. Ile iliyokuwa pembeni, lenzi ya 135 kwenye traka nyuma ya mlango wa gari, haikupoteza hata moja usiku huo huo. Ukiwa na ukuta au uwanja wa nyumba wenye uzio hapo ni tofauti, lakini kwenye uzio wengi wetu hatuoni kusini hadi chini.

Na ya tatu ndo ile niliyosema mwanzo, kinachobeba. Bomba la inchi 8 pamoja na kamera na vifaa vyake linataka maunti nzito ya ikweta, yaani kichwa chenye injini kinachobeba darubini na kuizungusha kufuata anga, na zile zenye uwezo kama EQ6-R kichwa peke yake ni kilo 17 kabla hujaweka miguu wala vyuma vya kusawazisha. Unahitaji gari, unahitaji betri ya gari, na unahitaji mtu wa pili.

Hapa kwenye maunti nikae kidogo maana ndo wengi wanakwama na hawaelezwi. Maunti ya ikweta lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga. Ulaya ncha iko juu, digrii 50 huko, na wana nyota ya kaskazini ya kulenga. Sisi Dodoma ncha ya kusini iko digrii 6 juu ya upeo, ndani ya vumbi na miti, na nyota yake Sigma Octantis ni hafifu hata ikiwa juu, sembuse hapo chini. Kwa hiyo ile kioo ya kulengea ncha iliyo ndani ya maunti, ambayo umeilipia, huitumii. Halafu maunti nyingine skrubu ya latitudo haishuki hadi digrii 6. Mi niliwahi kununua moja mkononi, muuzaji akaniambia inafanya kazi popote duniani, nimefika nayo uwanjani skrubu ikagota kwenye 15. Nilitoboa kwa kufupisha mguu wa kusini wa stendi ili yote iinamie kusini, ikafanya kazi, lakini uzito wote ukalalia upande mmoja na roho juu usiku mzima. Tena huku chini ule mtarimbo wa vyuma vya uzani unaning'inia karibu wima na unagonga mguu wa stendi, kwa hiyo upange miguu ili mtarimbo upite kati ya miguu miwili, au uongeze kipande cha bomba chini ya kichwa kuinua. Kabla hujalipa maunti yoyote muulize muuzaji swali moja tu: inashuka digrii ngapi? Asipojua, asome kwenye karatasi mbele yako.

Kwa traka ndogo shida hii ni nyepesi zaidi, kishikio cha yangu kinashuka hadi sifuri, na bahati nzuri lenzi fupi inasamehe. Angalia: ukikosea ncha kwa nusu digrii, kwa picha ya dakika moja nyota zinaweza kuhama kama sekunde za tao 8. Kwa lenzi ya 135 hiyo ni pikseli moja na kidogo, hata huoni. Kwa darubini ya 250 ni pikseli mbili, inavumilika. Kwa fokasi ya 1000 ni pikseli 9, picha imekufa. Kosa lile lile, usiku ule ule, matokeo matatu. Ndo maana mwenye fokasi ndefu lazima awe na laptop na programu kama NINA inayolenga ncha kwa kupiga picha tatu sehemu yoyote ya anga, na kamera ya pili ndogo ya kuongoza, na sisi wa fokasi fupi tunaweza kwenda porini na simu na powabenki.

Na kuna njia ya zamani ya kupata kusini ambayo mi naitumia kila safari na inashinda dira ya simu, maana dira ya simu ukiiweka karibu na chuma cha stendi inadanganya. Fika mapema mchana. Simamisha fimbo iliyonyooka, tumia kamba yenye jiwe kuhakikisha iko wima. Dodoma mwezi wa tano jua linafika katikati yake halisi kama saa sita na dakika 33 mchana kwa saa yetu, na mwezi huo jua liko kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli cha fimbo dakika hiyo kinalala kuelekea kusini kamili. Chora mstari kwenye kivuli kwa mbao au chaki kama ni zege. Usiku unakuja unapanga miguu ya traka kwenye ule mstari, unaweka digrii 6 kwa programu ya kupimia mwinamo kwenye simu, umemaliza. Dakika tano. Wa miji mingine mtafute saa yenu ya jua la katikati, zipo programu za simu zinazoionyesha.

Njia ya nne, darubini janja, hizi ambazo kamera, injini, kompyuta na betri vyote viko ndani na unaendesha kwa simu. Seestar S50 ilipotoka 2023 kwa karibu dola 500 ilibadilisha huu mchezo, na mi nilikuwa na wasiwasi nayo nikidhani ni ya kuchezea, nikakaa nayo siku nne ya jamaa mmoja, nikabadilisha mawazo. Unaiweka chini, inajitafutia yenyewe iko wapi kwa kupiga picha nyota na kuzilinganisha na ramani, unagusa jina Carina kwenye simu, inageuka, dakika chache picha inaanza kujengeka mbele ya macho yako. Ina filta ya ndani inayopitisha mwanga wa hidrojeni na oksijeni, kwa hiyo hata ndani ya mji wenye taa nebula inatoka. Ina kipasha joto cha umande, watu wa pwani mtaelewa thamani ya hilo. Shida ya ncha ya kusini haipo, kwa matumizi ya kawaida hailengi ncha.

Udhaifu wake kwa Carina ni upana. S50 ina fokasi 250 lakini senza ndogo sana, kwa hiyo kipande chake ni digrii 1.3 kwa 0.7, nebula haiingii, na japo ina namna ya kupiga mosaiki yenyewe muda unagawanyika kama nilivyosema kwenye kioo. Ndugu yake Seestar S30 ambayo fokasi yake ni 150 inakupa 2.1 kwa 1.2, inakaribia. Dwarf 3, darubini janja nyingine, inakupa karibu digrii 2.9 kwa 1.7, na hiyo kati ya hizi tatu ndo ningeichukua kwa nebula hii. Kingine ni kwamba hizi kwa kawaida zinageuka kwa juu na chini, kushoto na kulia, hazizunguki na anga, kwa hiyo picha inajizungusha taratibu. Kwa Dodoma Carina ikiwa kileleni inazunguka kama digrii 18 kwa saa. Kwa S50, sekunde 10 kwenye kona ya fremu hiyo ni pikseli moja, hamna shida, ukiweka sekunde 30 ni pikseli tatu na nyota za kona zinavutika. Baki na 10, na ukubali kwamba baada ya masaa mawili kona za picha zitakatwa maana fremu zimepishana. Na hapa niseme kitu kwa uzito: usiridhike na ile picha ya kwenye simu. Iruhusu ihifadhi faili zote moja moja, zitoe, uzirundike mwenyewe kwenye Siril. Tofauti ni kubwa mno, na ndo unajifunza.

Kuhusu kamera, maana nalo linaulizwa: DSLR ya kawaida ina kioo mbele ya senza kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656. Kuna wanaokitoa. Ukikitoa wekundu unakuwa mwingi mara kadhaa, ila picha za mchana zinatoka nyekundu hadi urekebishe. Kwa Carina mi ningesubiri. Inang'aa kiasi kwamba hata kamera isiyoguswa inaitoa ya waridi nzuri, ile 600D yangu nilipiga nayo misimu miwili kabla sijaifungua. Nunua traka kwanza.

Basi kama ni mimi nachagua kwa niaba yako. Una kamera na lenzi na huna hela: usinunue kitu, piga sekunde 5 mara 300, mwezi huu huu. Una kamera na hela ya kitu kimoja: traka, na utumie lenzi yoyote ndefu uliyonayo hata ile ya plastiki ya 55 hadi 250. Una kamera na traka tayari: darubini ndogo ya 250, usizidi 420, na hakikisha jumla na kamera haivuki uzito ambao traka inabeba, nyingi mwisho wake kilo 5 na mi sipendi kuvuka nusu yake. Huna kamera kabisa, huna laptop ya maana, unakaa ghorofani Kariakoo au South B na una jioni moja moja tu: darubini janja, ile ya fremu pana, usione aibu kabisa. Na lile bomba la inchi 8, lichukue kama una nyumba yako yenye uwanja unaoona kusini, umejenga nguzo ya zege isiyotikisika, na umeshapiga nebula nzima kwa kitu kidogo ukatamani kuingia ndani. Kwa mtu huyo ni zawadi, na vilevile litamfaa kwa galaksi na sayari ambazo sisi wa fokasi fupi tunaziona vidoa.

Ndugu zetu wa Muskati, kwenu Carina ikifika juu kabisa ni digrii 6 na nusu tu, inakuwa ndani ya vumbi la upeo, msiilazimishe. Chukueni Orion, mwezi wa kwanza inapita juu vizuri, na yote niliyosema ya lenzi fupi na traka yanafaa vile vile, tena nyie nyota ya kaskazini mnaiona. Mlio London na Toronto Carina haichomozi kabisa, mkija likizo mwezi wa tano njooni na lenzi tu, traka tutawaazima. Na wa huku kwetu ikifika Julai Carina imeshaondoka mapema, usifungie vifaa sandukuni, geuza traka hiyo hiyo juu ya kichwa kwenye M8, ile nebula iliyo kwenye kundi la nyota la Mshale, Dodoma inapanda hadi digrii 72, hewa nyembamba, na kwa 420 inaingia yote na jirani yake M20 juu yake.